Gitaa la Laki Tatu Ukiwa Mombasa: Uliuze Wapi na Vipi

Wauzaji wengi huanza vibaya kwenye bei. Mtu anafungua tovuti ya ng'ambo, anaona Gibson Les Paul kama lake limewekwa dola 2,800, anazidisha kwa 129, kisha anatangaza Jiji, tovuti ya matangazo, kwamba anataka 360,000. Zile dola 2,800 ni bei iliyoombwa, na huenda tangazo hilo limekaa mwaka mzima bila mnunuzi. Tafuta bei ya magitaa yaliyokwisha kuuzwa. Reverb, soko la mtandaoni la ala za muziki, inaonyesha kumbukumbu za mauzo kwa kila modeli, na eBay ina kichujio cha vitu vilivyouzwa. Chukua mauzo matano au sita ya miezi ya karibuni, ya mwaka ule ule na hali ile ile, utupe la juu kabisa na la chini kabisa.

Hapo umepata bei ya kule. Ya hapa hutafutwa kwa kutoa. Tuseme gitaa lako kule huenda kwa dola 2,500. Reverb inakata asilimia 5 ya mauzo, na malipo yenyewe yanakula asilimia 3 na ushei, kwa hiyo dola 200 hivi zimeondoka. Usafirishaji wa ndege tuuweke dola 350. Zimebaki kama dola 1,950, au 250,000 hivi kwa pesa zetu, kabla hujalipia kufungasha na kabla mnunuzi hajaanza kulalamika kwamba kodi ya forodha kwao ni kubwa. Uingereza, kwa mfano, VAT ni asilimia 20, na mnunuzi mwerevu atataka uipunguze kwenye bei yako. Sasa mwanamuziki wa Nairobi akikupa 230,000 mkononi, kuna haja gani ya kuhangaika na London? Kwa maoni yangu hakuna, isipokuwa gitaa liwe la aina ambayo soko letu halilijui thamani yake.

Mgawanyo ninaoufuata ni huu. Gitaa la chini ya 80,000 liuze hapa hapa. Kati ya 80,000 na 350,000, mnunuzi wako yumkini yuko Nairobi: studio, bendi za harusi na makanisa makubwa. La juu ya hapo, au la zamani lenye thamani kwa sababu ya umri wake, ndilo linalostahili gharama ya kwenda nje. Hapa hakuna wakusanyaji wa kutosha, na wachezaji hawalipi ziada kwa sababu ya mwaka wa kutengenezwa.

Tuanze na soko la Mombasa lenyewe. Bendi za hoteli za Nyali, Bamburi na Diani huwa na pesa msimu wa watalii ukipamba moto, Desemba hadi Machi. Kuanzia Aprili mvua ikinyesha na hoteli nyingine zikipunguza wafanyakazi, yule yule aliyekuambia atalichukua atakuomba umkopeshe. Makanisa hununua mwaka mzima, lakini kuna kamati, na kamati inataka ankara, inataka kikao, inataka mtu wa kulijaribu. Ukiwa na subira, hawa ni wanunuzi wazuri. Duka la vifaa vya muziki likikubali kukuuzia gitaa lako kwa komisheni, andikianeni bei ya chini unayokubali, asilimia yao, na nani analipa gitaa likikwaruzwa likiwa ukutani. Uliza pia linatundikwa wapi. Dirishani penye jua la saa nane, rangi na gundi vitakuadhibu.

Dalali wa mtaani mimi simshauri kwa gitaa la bei. Atawapigia simu watu ishirini, na watu ishirini wakishalisikia gitaa moja kwa bei tatu tofauti, limeshachoka sokoni kabla hujalionyesha.

Kabla ya yote hayo, kuna hewa ya pwani. Viwanda hutengeneza magitaa kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50 hivi. Mombasa mara nyingi tunazidi 70, na masika ndiyo usiseme. Mbao za gitaa la akustika hufura, kifua kinanyanyuka nyuma ya daraja (kile kipande cha mbao kifuani kinachoshika nyuzi), nyuzi zinapanda juu ya freti (vile vyuma vya shingoni), na mnunuzi anayelijaribu Mei anaamua kwamba shingo imeharibika. Kesho yake anakuambia fundi amesema kazi ni 40,000, punguza.

Kwa hiyo likaushe taratibu kwanza. Liweke wiki mbili ndani ya kasha gumu, pamoja na pakiti za kudhibiti unyevu za asilimia 49 na kipimo kidogo cha dijitali, ndani ya chumba chenye esi ukiweza. Usilianike, wala usilipulizie feni ya moto. Likishatulia, chukua rula ya chuma iliyonyooka ya sentimita 60, ilaze juu ya freti, katikati ya shingo, ncha yake ielekee daraja. Ikitua juu ya mbao ya daraja au ikiipita kidogo kwa juu, pembe ya shingo ni nzima. Ikigota kwenye uso wa mbele wa daraja, chini ya ukingo wake, shingo inahitaji kufunguliwa na kurudishiwa pembe, na hiyo useme wazi kwenye tangazo. Pima pia kimo cha uzi mnene kwenye freti ya 12: akustika milimita 2.4 hivi ni vizuri, Les Paul 2.0, Stratocaster 1.6. Piga picha rula ikiwa pale pale. Picha hiyo moja hujibu maswali kumi.

Chumvi nayo ina kazi yake. Angalia skrubu za pikapu, vichwa vya funguo za kukazia nyuzi, na tundu la waya. Kutu ya juu juu ifute kwa kitambaa kikavu, potensiometa (vizungushio vya sauti) zinazokwaruza zipulizie dawa ya kusafishia umeme uzizungushe mara thelathini. Ishia hapo. Usibadilishe funguo, usipake vanishi mpya, using'arishe shaba iliyochakaa. Gitaa la zamani lililopakwa rangi upya hupoteza karibu nusu ya thamani kwa mkusanyaji, na kichwa kilichovunjika kikagundishwa hufanya vivyo hivyo. Kama kuna kipande cha asili kilichowahi kutolewa, kitie kwenye mfuko na kiende pamoja na gitaa. Na ukiwa na Gibson yenye lakka ya nitro, usiiache kwenye stendi ya mpira: joto letu linaufanya mpira ushikane na lakka, ukiivuta inatoka na alama.

Kuvunjika kwa kichwa ndiko mnunuzi mzoefu atakakoanza nako, basi anza wewe. Les Paul kichwa chake kimelala nyuma kwa digrii 17 kwa miaka mingi ya utengenezaji, na mbao pale nyuma ya nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi, shingo inapokutana na kichwa) ni nyembamba kwa sababu imechimbwa nafasi ya chuma cha kunyooshea shingo. Likianguka chali tu, hapo ndipo pa kukatikia. Washa tochi ya simu, iegemeze karibu usawa na mbao, uzungushe shingo polepole. Ufa uliogundishwa huonekana kama unywele unaokatisha mistari ya mbao.

Kisha uthibitishe kwamba ni gitaa lenyewe. Feki za Gibson zimejaa. Ile pleti ndogo ya kichwani inayofunika chuma cha shingo, Gibson hufungwa kwa skrubu mbili. Ukikuta tatu, keti chini. Namba ya nyuma ya kichwa, kwa magitaa mengi ya 1977 hadi 2005, ina tarakimu nane, ya kwanza na ya tano ni mwaka, na tatu za katikati yake ni siku ya mwaka huo. 90213512 ni siku ya 21 ya 1993. (Mwaka 1994 ulikwenda na mtindo wake, namba nyingi zinaanza na 94.) Martin namba iko ndani, kwenye gogo la shingo, unaiona kupitia tundu la sauti. Fender za Marekani za miaka ya 80 huanza na E, za 90 na N. Ukifungua kifuniko cha nyuma utaona namba kwenye potensiometa: 1377633 ni kampuni ya CTS (137), mwaka 1976, wiki ya 33. Haithibitishi mwaka wa gitaa, lakini gitaa linalodaiwa kuwa la 1970 likiwa na potensiometa ya 1976 ambayo waya zake hazijaguswa lina maswali ya kujibu.

Ukiwaza kuliuza nje, jua mbao zake. Rosewood ya Brazil iko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1992, na haivuki mpaka kihalali bila kibali. Martin D-28 za kabla ya mwisho wa 1969 ni za mbao hiyo. Rosewood nyingine ziliwekewa masharti Januari 2017, lakini tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika hazihitaji kibali. Mpingo wetu wa pwani ni wa jenasi hiyo hiyo na umenufaika na msamaha huo huo. Kubwa zaidi ni pembe za ndovu. Baadhi ya magitaa ya zamani yana nati ya pembe, na Kenya hilo ni kosa zito hata kama hukulijua. Ukishuku, nenda KWS, shirika la wanyamapori, kwanza. Wao ndio mamlaka ya CITES nchini.

Picha zipigwe kivulini kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni: mbele, nyuma, kichwa pande zote mbili, namba, freti kwa karibu, daraja, ndani ya kifuniko, kasha, na kila jeraha. Za ufukweni minazi ikipepea ni nzuri kwa kalenda.

Ujumbe wa kwanza utakaoupata utasema "mwisho ngapi?" Usijibu kwa namba. Jibu kwa siku na mahali pa kulijaribu. Anayekuja na waya wake mwenyewe ni mnunuzi. Kutaneni dukani penye amplifaya au kwenye ukumbi wa benki, mchana.

Malipo ndipo watu wanapolizwa. M-Pesa muamala mmoja mwisho wake 250,000, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000, kwa hiyo gitaa la laki tatu linaingia kwa mara mbili. Ujumbe wa simu si pesa. Fungua menyu uangalie salio, kwani ujumbe wa kughushi unafanana na wa kweli nukta kwa nukta. Hata pesa ikiingia kweli, mtumaji anaweza kuomba irudishwe kwa kupeleka ujumbe 456, ikazuiliwa huku gitaa limeshavuka Nyali. Kwa sababu hiyo napendelea PesaLink, ya kutuma benki hadi benki, inayobeba hadi 999,999, ikiambatana na karatasi moja ya mauziano: namba ya gitaa, kasoro zote zilizotajwa, maneno "limeuzwa kama lilivyo", namba za vitambulisho na sahihi mbili. Arbuni nayo iandikwe kama inarudi au hairudi.

Mnunuzi akiwa Nairobi, ni heri umfuate kwa treni gitaa likiwa mikononi mwako. Nauli ni ndogo kuliko kichwa kilichokatika chini ya magunia ya basi.

Kwa ndege, legeza nyuzi nusu, usizitoe zote. Jaza taulo au sponji chini ya shingo na pande zote mbili za kichwa ndani ya kasha, mpaka ukilitikisa husikii kitu. Kasha liingie katoni, katoni iingie katoni kubwa zaidi yenye sentimita tano za sponji kila upande. Kampuni za usafirishaji hutoza kwa ukubwa: urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Katoni ya 120 kwa 50 kwa 25 ni kilo 30 kwenye ankara, hata kama mizani inasema 11. Bima ya thamani uliyotangaza iulizwe kwa maandishi, kwani wengine hawalipi ala za zamani. Mwandikie mnunuzi asilifungue siku ile ile, hasa kama kwao ni baridi: liache ndani ya katoni saa 24 lizoee hewa, vinginevyo lakka itapasuka vijistari na utadaiwa wewe. Akishalifungua, akutumie picha ndani ya siku mbili.