Boriti Ndiyo Kipimo: Matembezi ya Mkomani

Tulianza saa moja na nusu asubuhi katika uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, punda wa kubeba mchanga wakiwa bado hawajajaa vichochoroni. Aliyenitembeza alikuwa mzee mmoja, fundi wa uashi tangu ujanani. Tulifuata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea mtaa wa kale wa Mkomani, tukapita chini ya wikio moja linalounganisha nyumba mbili juu ya njia, hadi kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya jamaa zake.

Tangu UNESCO iutie mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, wageni wengi huja kutazama milango ya nakshi, nami pia niliijia hiyo. Mzee hakuniacha nisimame mlangoni. Tulikata kona ya tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia ambao humzuia mpita njia asione ya ndani, tukavuka kiwanda, yaani ua wa ndani, na kuingia msana wa tini, ukumbi mrefu wa kwanza.

"Mwanangu, tazama juu," alisema. "Hapa chumba hupimwa kwa boriti."

Boriti za mkoko zilikuwa zimepangwa kwa ukaribu, zimebeba vipande vya matumbawe na chokaa, na kwa kuwa boriti moja haivuki sana mita tatu, vyumba vyote, kuanzia misana miwili hadi chumba cha ndani chenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ni vyembamba na virefu. Nilivutiwa mno kuona kwamba mti wa kwenye matope ndio uliopanga maisha ya nyumba nzima.

Nyumba ya pili ilinihuzunisha. Ukuta wake wa kale ulikuwa umepigwa lipu ya saruji miaka michache iliyopita, nayo sasa ilikuwa imevimba. Mzee alibandua kipande kwa ukucha, na nyuma yake tumbawe lilikuwa limelowa na kugeuka ungaunga. Ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu wa ardhini na kuutoa kupitia chokaa. Saruji huuziba, chumvi ikabaki ndani na kulila jiwe. Sina ugomvi na nyumba mpya za matofali ya saruji, lakini kuipaka juu ya ukuta wa matumbawe ni kuuharibu.

Tulimalizia uani kwake, palipokuwa na shimo la chokaa iliyolowekwa. Alifunua gunia, akaikoroga kwa kijiti, akaitazama inavyoteleza, kisha akaifunika tena.

"Bado haijaiva," alisema.