Dakika mbili za kapcha na walimu waliofungiwa nje

Januari ndio mwezi ambao tovuti ya chama chetu cha akiba na mikopo huwa na watu kuliko miezi yote. Wanachama ni walimu, wengi wako Lushoto, Korogwe, Muheza na Pangani, na Januari ni ada, sare na madaftari. Mtu anaingia kwenye akaunti yake, anatazama akiba, anapakua taarifa ya mkopo, anaomba mkopo wa dharura. Mwaka huu, katikati ya pilikapilika hizo, tovuti ikagoma kumwingiza mtu yeyote. Unaandika namba ya uanachama, unaandika nenosiri, unabonyeza Ingia, unajibiwa kwa maandishi mekundu: "Uthibitisho umeshindikana. Tafadhali jaribu tena." Ukijaribu tena, jibu ni lile lile.

Mimi ndiye ninayeiangalia tovuti hiyo, nikiwa hapa Tanga mjini. Asubuhi na mapema mhasibu akanipigia: "Dada, simu hazikatiki huku. Watu wanauliza kama wamefutwa uanachama." Hilo liliniuma kuliko hitilafu yenyewe. Mwalimu aliyekatwa akiba kwenye mshahara miaka nenda miaka rudi akiona maandishi yale, hawazi kwamba kuna programu imeharibika. Anawaza fedha zake ziko wapi. Vyama vya namna hii vimewahi kuwaliza watu, na hofu hiyo haijatoka mioyoni mwao.

Chanzo nilikipata upesi. Tovuti inaendeshwa kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ambayo tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 inaruhusu plagini, yaani viongezo vya kuipa tovuti kazi zaidi, zijisasishe zenyewe. Kampuni inayotuhifadhia tovuti iliwasha mpango huo kwa wateja wake bila kuwauliza. Usiku ule plagini ya kapcha, kile kipimo cha kutofautisha mtu na mashine, ikajisasisha, na toleo jipya likaacha kapcha ya kisanduku, ile ya "Mimi si roboti", likahamia kwenye kapcha isiyoonekana, reCAPTCHA v3 ya Google. Funguo zetu zilikuwa za v2, ile ya kisanduku. Kila aina ina jozi yake, ufunguo wa tovuti unaokaa kwenye ukurasa na ufunguo wa siri unaokaa kwenye seva, na jozi ya v2 haifanyi kazi kwenye v3. Kivinjari kikaenda kuomba tokeni, ile hati fupi ya kuthibitisha kwamba kapcha imepitwa, kikanyimwa. Fomu ikafika kwenye seva mikono mitupu, ikakataliwa hapo hapo. Nenosiri la mtu halikufikia hata hatua ya kuangaliwa.

Anayeifahamu WordPress ataniuliza kwa nini haikujirudisha kwenye toleo la zamani. Kweli, tangu toleo la 6.6 la mwaka 2024 kuna ulinzi huo, lakini unafanya kazi pale sasisho linapoleta kosa zito la PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, linaloangusha tovuti. Kwetu hakikuanguka kitu. Ukurasa wa mbele ulifunguka vizuri, picha za mkutano mkuu zilionekana, na kila kipimo kilisema tovuti ni nzima.

Nami pia nilikuwa nje, maana ukurasa wa wasimamizi una kapcha ile ile. Niliingilia cPanel, ukurasa wa kusimamia mafaili ya tovuti, nikafungua folda ya wp-content, kisha plugins, nikaitafuta folda ya plagini ile na kuongeza neno "zima" mwisho wa jina lake. WordPress isipoikuta folda kwa jina inalolijua, huizima plagini yenyewe, wala mipangilio yake kwenye hifadhidata haifutiki. Ukiwa na tovuti ya aina hii, jifunze njia hiyo leo, kabla hujaihitaji. Watu wakaanza kuingia, nikatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba akiba zao ziko salama na hakuna aliyefutwa.

Nikatengeneza funguo mpya za v3, nikaziweka, nikaiwasha plagini. Mimi nikaingia bila shida, mhasibu akaingia, na vijana wawili wa ofisini wakaingia. Kwa mwendo wa kawaida hapo ndipo kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Kisha akapiga mwalimu mmoja mstaafu wa Lushoto. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu. Wenzangu wote wanasema imefunguka, mbona mimi inanikataa?" Nikamwomba anieleze anavyofanya, hatua kwa hatua, bila haraka. Anafungua ukurasa. Anatafuta miwani. Analeta daftari alipoandika namba ya uanachama, anaiingiza tarakimu moja moja. Halafu nenosiri, lenye herufi kubwa katikati na alama ya mshangao, na ile alama kwenye simu yake hadi uhamie kibodi ya pili. Akimaliza anabonyeza kijicho ili ahakiki kila herufi. Ndipo anabonyeza Ingia.

Nilifungua kumbukumbu za seva huku tukiongea. Sababu iliandikwa wazi: tokeni imepitwa na muda au imeshatumika. Tokeni ya reCAPTCHA huishi dakika mbili na huhakikiwa mara moja tu. Ndiyo maana maelekezo ya v3 yanashauri tokeni iombwe pale mtu anapofanya jambo lenyewe, yaani anapobonyeza kitufe. Plagini hii iliiomba mara ukurasa unapofunguka. Dakika mbili za mwalimu zilianza kuhesabiwa wakati bado anatafuta miwani.

Sikiliza, hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Sisi tuliojaribu ofisini tuna vidole vyepesi, na nywila zetu zimehifadhiwa kwenye kivinjari. Aliyekataliwa ni mzee anayeandika taratibu, au mwalimu aliye mlimani ambako mtandao unasuasua, au yule aliyeanza kuandika akaitwa na mwanafunzi mlangoni. Kipimo kilichowekwa kutofautisha mtu na mashine kilikuwa kinawaangusha watu kwa sababu ya kufanya mambo kwa mwendo wa binadamu. Na kiliwaambia "jaribu tena", wakarudia kwa mwendo ule ule.

Kapcha za zamani zilisumbua, lakini angalau zilisema zinataka nini. Kazi ya akina Luis von Ahn na Manuel Blum pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa maandishi yaliyopindapinda ambayo mtu anayasoma na kompyuta haiyawezi. reCAPTCHA ya mwanzo hata ilitumia majibu yetu kusoma vitabu na magazeti ya zamani. V3 haikuulizi kitu. Inakupa alama kati ya 0.0 na 1.0 kwa kuangalia mwenendo wako, na mipangilio ya plagini nyingi humkataa aliye chini ya 0.5. Ukipewa 0.3 huonyeshwi picha wala hupewi nafasi ya kujitetea. Kuiweka kapcha hiyo mlangoni, bila njia mbadala kwa aliyepata alama ndogo, siafiki hata kidogo.

Mwenyekiti aliuliza swali la haki: tukiiondoa kapcha kwenye ukurasa wa kuingia, wezi si watapita? Nikamweleza kwamba kapcha inazuia mashine zinazobahatisha nywila, na kazi hiyo inafanyika vizuri kwa kuhesabu makosa: ukikosea mara tano, akaunti inapumzika robo saa. Aliyekwisha kuiba nenosiri lako hazuiwi na kapcha. Kwa wenye mamlaka ya kubadili hesabu nimeweka hatua ya pili, namba inayotoka kwenye programu ya simu. Kapcha imebaki kwenye fomu ya mawasiliano na ya maombi ya uanachama, ambako takataka za matangazo ndiko ziliko. Nikamkumbusha pia kuwa mwaka 2017 plagini moja ya kapcha, iliyokuwa kwenye tovuti zipatazo 300,000, ilikutwa na mlango wa siri uliopenyezwa kupitia sasisho. Kila plagini unayoiweka kwenye ukurasa wa kuingia ni mtu mwingine uliyemkabidhi ufunguo.

Maandishi mekundu nimeyabadilisha. Sasa yanasema: "Akaunti yako ipo na ni salama. Ukurasa huu umekaa muda mrefu, bonyeza hapa uanze upya," na chini yake ipo namba ya ofisi. Sasisho za chochote kinachogusa kuingia hazijifanyi tena zenyewe. Ninazipitisha kwanza kwenye nakala ya tovuti, kwa simu ya bei ndogo, na ninaiacha fomu wazi kwa dakika kadhaa kabla sijabonyeza kitufe.

Watengenezaji wa plagini nimewaandikia, nikawatumia ile kumbukumbu ya seva baada ya kuondoa namba za wanachama. Wamejibu kwamba watahamishia ombi la tokeni kwenye kitufe. Kama nawe unaangalia tovuti ya chama, shule au zahanati na ina kapcha ya v3 kwenye kuingia, ifungue sasa, subiri zipite dakika mbili na ushee, kisha ujaribu kuingia.