Fundo la kanga ya shangazi

Jana binti yangu kaja na homuweki, taja njia tatu za mwananchi kushiriki demokrasia ukiacha kupiga kura. Nikamwambia andika kuhudhuria mikutano, akanitazama vile wanavyotazamaga siku hizi, "Baba, we ulishawahi?"

Nilishawahi bana. Desemba 2016, sie wa Dar tumepanda Moshi kula sikukuu, na viongozi wa kijiji sio wajinga, mkutano mkuu wakauchomeka kati ya Krismasi na mwaka mpya wakati bado tuna hela. Ajenda choo cha shule, kila kaya elfu kumi. Elimu bila malipo ilianza Januari ya mwaka huohuo ila choo nadhani hakikupewa taarifa. Mi noti yangu iko mkononi kabisa, nilipe niwahi mtori.

Shangazi akasimama. Hakusema kitu, akaanza kufungua fundo la kanga kwa meno maana alilikaza haswa, akatoa stakabadhi zilizokunjwa mpaka zimelegea kama kitambaa, akazipanga juu ya jiwe alilokuwa amekalia. Ya maji. Ya maabara. Ya madawati, mbili.

"Mwenyekiti, kabla ya choo tusomewe mapato na matumizi ya hizi."

"Mama, hiyo tutaigusa kwenye mengineyo."

"Mengineyo hatufikagi baba, mvua inatuwahi."

Watu wakacheka, halafu kicheko kikakata. Mtendaji akafungua kauntabuku, akawa anafunua kurudi nyuma tu, jasho linamtoka na baridi yote ile ya mgombani.

Sheria Na. 7 ya 1982, ya serikali za mitaa, inasema mkutano ule, yani kila mkazi kuanzia miaka 18, ndo mamlaka ya juu ya kijiji. Shangazi hajawahi kuisoma. Walioisoma tulikuwa tunaangalia viatu.

Mkutano ukaahirishwa, baadae karatasi ikabandikwa ofisini, hesabu zinakaribia kukubaliana, hamna aliyeuliza tena. Choo kikajengwa. Shangazi wakamtia kwenye kamati ya maji, na nilivyorudi mwaka uliofuata nikakuta kijana mmoja anamuomba mkutanoni asome hesabu za kamati yake, akamjibu, "We umeshuka basi jana, hata maji ya huku hujanywa."

Kijana hakukaa.