Nilichokichanganya chooni

Jumapili, usiku

Mtoto amelala. Tangu baada ya isha nimeingia chumbani kwake mara tatu kusikiliza anavyopumua. Mara ya tatu akafumbua jicho moja, akaniambia, "Mamdogo, nimepona. Kalale." Sijaenda kulala. Nimekaa jikoni niandike yaliyotokea jana kabla hayajaanza kunipotea, maana kosa ni langu mimi mtu mzima, na najua siko peke yangu ninayefanya usafi kwa namna ile.

Ni binti wa dada yangu, ana miaka 13, amekuja kwangu Mbagala kwa likizo. Idi ni wiki hii, na mimi nimelelewa hivi: wageni wa Idi hawakuti utando wa buibui wala choo chenye doa. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na pale maji yanapopita pana ukoko wa manjano ambao nimehangaika nao tangu tuhamie. Juzi nilinunua dawa ya choo kwa kijana anayepita mtaani. Ilikuwa imetiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila karatasi, bila maandishi yoyote. Nikaimwaga. Ukoko ukatoka kidogo, mwingine ukabaki. Nikachukua Jik nikaongeza juu yake, nikiamini kabisa kichwani mwangu kwamba dawa mbili kali zikikutana zinakuwa kali zaidi. Nikamwachia mtoto brashi, nikarudisha mlango ili harufu isije sebuleni.

Hazikupita dakika mbili nikamsikia akikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu kinachofuatana bila kuacha nafasi ya kuvuta pumzi. Nilipofungua mlango, macho yangu yalichomwa hata kabla sijamwona. Nilimvuta kwa mkono hadi uani. "Mamdogo, kifua kinaniwasha," alisema, na machozi yanamtoka. Tulikuwa tumefunga wote wawili. Nikamwambia afungue, anywe maji. Akanitazama kwanza, akatazama na jua, bado lilikuwa juu.

Kwenye zahanati daktari alimsikiliza kifua, halafu akaniuliza swali moja tu: mmechanganya nini? Alipojibiwa hakushangaa. Alimweka pale saa kadhaa, kwa sababu alisema hewa ile inaweza kuumiza mapafu na dalili zikaja baadaye, mtu akiwa ameshadhani yamekwisha. Nikakaa kwenye benchi nikihesabu kila kikohozi.

Jambo lenyewe nimelielewa sasa, na nitalisema kama nilivyolielewa. Jik ni dawa ya klorini. Dawa nyingi za choo ni asidi. Zikikutana, klorini inatoka kwenye maji na kuwa hewa, ndiyo ileile iliyotumika kama silaha Ubelgiji mwaka 1915, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo haipandi juu ikatoke dirishani. Inatuama chini, karibu na sakafu. Na mtoto alikuwa amechuchumaa, uso wake karibu na shimo. Mimi niliyesimama mlangoni nilipata kidogo. Yeye aliyeinama kufanya kazi niliyomtuma ndiye aliyeivuta nyingi. Hilo limenikaa kooni tangu jana.

Wala si dawa ya choo peke yake. Siki ni asidi, ndimu ni asidi, zikikutana na Jik ni yale yale. Hata mkojo: ukimwaga Jik kwenye choo ambacho hakijamwagiwa maji, amonia ya mkojo inaungana na klorini na kutoa hewa nyingine inayochoma macho na pua. Ule mchomo ambao wengi wetu tumeuzoea, tukasema "sasa dawa inafanya kazi", ndio huo. Choo kimwagiwe maji mengi kwanza. Na ikitokea kama ilivyonitokea, toka nje kwenye hewa safi na utoe wengine, usirudi ndani kumalizia wala kuokoa ndoo, na mwenye kukohoa apelekwe kwa daktari hata akisema amepata nafuu.

Leo mchana, nyumba ikiwa kimya, nimejiuliza kwa nini hata niliwaza kuongeza Jik. Jibu ni kwamba nimekuwa nikisafisha kwa pua. Kwangu mimi nyumba ilikuwa safi ikinukia Jik, na isiponukia nikaongeza. Ule ukoko wa manjano si uchafu wa kuuliwa na Jik. Ni chokaa na kutu ya maji ya kisima, yaleyale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika la chai. Jik ingeweza kuupausha tu. Kinachotakiwa ni kitu chenye asidi, peke yake, kipewe muda. Muda ndio ambao sikuwahi kuutoa: namwaga, nasugua, nasuuza, nimemaliza.

Jik yenyewe nimekuwa nikiitumia vibaya miaka yote. Nilikuwa naimimina kwenye sakafu chafu, wakati uchafu na mafuta vinaimaliza nguvu kabla haijafika kwa vijidudu. Kwanza sabuni na maji, suuza, ndipo dawa. Nilikuwa naichanganya na maji ya moto nikidhani naipa nguvu, kumbe moto unaivunja; ni maji ya baridi. Nilikuwa nabakisha mchanganyiko kwenye ndoo hadi kesho yake, na kesho yake ni maji yenye harufu tu. Chupa niliyo nayo imeandikwa asilimia 3.5. Kwa kupangusa sakafu na vitasa, kipimo ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu 34 za maji, yaani kwenye ndoo ya lita 10 ni glasi ya mililita 250 na ushei kidogo. Mimi nilikuwa natia nusu chupa. Na ikishapakwa iachwe palepale pakiwa pamelowa, dakika kadhaa, usiikaushe hapohapo.

Nikaendelea kukumbuka mengine. Kudeki nyumba nzima kwa ndoo moja, kwa kuwa maji tunanunua, mpaka chumba cha mwisho napaka tope jembamba. Sasa nina ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia dekio, na siku hizi mbili nimeona maji yanayotumika hayazidi sana. Sabuni ya unga naijaza mkono, halafu nalalamika sakafu inanata: inanata kwa sabuni iliyobaki, na inayonata hushika vumbi. Kijiko kimoja kinatosha. Kitambaa cha vyombo kinachobaki kimekunjwa kimelowa kwenye sinki usiku kucha, kisha asubuhi nafutia sahani za watoto. Hicho sasa nakichemsha na kukianika juani.

Halafu kuna kanzu ya mume wangu, ile nyeupe ya Idi. Mwaka jana ilipata kutu kwenye waya wa kuanikia. Niliiloweka kwenye Jik usiku mzima na doa likawa kahawia iliyokolea kuliko mwanzo, kwa sababu Jik haitoi kutu, inaishikiza. Mama ndiye aliyeiokoa: ndimu na chumvi juu ya doa, ikalazwa juani, ikasuuzwa, ikarudiwa mara mbili. Bila shaka alinihimiza niisuuze Jik yote kwanza. Nilidhani ni mazoea tu ya watu wazima. Jana nimejua alichokuwa ananikinga nacho.

Lakini ndimu hiyohiyo imeiharibu sakafu yake. Mama ana sebule ya terazo, ya tangu baba yuko hai, ilikuwa inang'aa unajiona. Kwa miaka ameisugua kwa maji ya ndimu ili ing'ae zaidi, na asidi imekula vile vijiwe vya marumaru na saruji yake mpaka imefubaa kama chaki. Terazo inataka sabuni laini na maji, basi. Sijamwambia. Nitamwambia siku ya Idi, taratibu, tukiwa wawili jikoni, na nitaanza na habari ya kosa langu.

Dada yangu nilimpigia jana ileile. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Amekula?" Nikasema amekula. Akasema, "Haya mdogo wangu," akakata simu. Leo amepiga mara nne kuongea na mwanawe.

Ile chupa isiyo na jina haipo tena humu ndani, na sitanunua tena dawa ambayo haijaandikwa ni nini. Chupa zilizobaki, mtoto mwenyewe alizipanga leo jioni. Aliomba kalamu ya wino mzito na plasta, akaandika kila moja na kuibandika. Jik ameiweka rafu ya juu. Siki ameishusha kabati la upande wa pili, na kwenye plasta yake ameandika: ISIKUTANE NA JIK.

Choo nimekimwagia ndoo sita za maji tangu jana, dirisha liko wazi. Nimemimina siki kwenye ule ukoko, peke yake, nimefunika kwa kitambaa kilicholowa siki ili isikauke. Kuna ndoo mlangoni ili mtu asiingie. Tutatumia choo cha jirani hadi alfajiri, ameshakubali. Nikiamka kula daku nitausugua, mimi mwenyewe.