Mkrismasi wa Isamilo

Bahasha ilikuwa na picha saba, zote za vuli ya 1997, ule mwaka wa mvua za El Nino. Baba alizipiga kwa kamera ya mkanda, siku chache kabla hatujahama Mwanza. Mama magoti hayamruhusu tena kushinda kwenye basi, kwa hiyo alinikabidhi bahasha pale Morogoro akanipa agizo moja: "Kaniangalizie mkrismasi wangu." Ni ule mti wake wa maua mekundu, kwenye nyumba yetu ya zamani ya mlima Isamilo.

Niliondoka alfajiri, nikashuka stendi ya Nyegezi usiku, mgongo umekufa ganzi.

Asubuhi nilianzia Kamanga, kwenye Jiwe la Bismarck. Wajerumani walilipachika jina la kansela wao, na jina limeganda mpaka leo. Kwenye picha wazazi wangu wamesimama ufukweni, nyuma yao jiwe limeinuka na sehemu kubwa ya kitako chake iko wazi. Sasa maji yamekipanda kitako hicho. Picha ilipigwa kabla mvua zile hazijalijaza ziwa, na baadaye, mwaka 2020, ziwa lilipanda mpaka kukaribia kiwango cha 1964, watu wa mialoni wakahama na vyombo vyao. Niliinua picha usawa wa macho, nikafunga jicho moja. Mawe yalilingana ufa kwa ufa. Hapo nikajua namna ya kuitafuta nyumba yetu: nisiulize mitaa, nifuate mawe.

Saanane sikukaa sana. Kisiwa kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na pimbi wameota jua juu ya miamba kama walivyo kwenye picha ya baba. Moyo wangu ulikuwa mlimani.

Kupanda Isamilo mwezi wa Novemba ni raha ya macho. Mijakaranda ilikuwa imeshamwaga maua yake, njia imekuwa ya zambarau, na mikrismasi imeanza kuwaka. Miti yote miwili ni wageni, mmoja ametoka Amerika ya Kusini na mwingine Madagaska, lakini mimi Mwanza bila rangi hizo siijui. Kila kona nilisimama na picha mkononi. Nilikuwa natafuta jiwe bapa lililobebwa na jiwe la mviringo, na ubavuni kijiwe kidogo kama kigoda. Mijusi kafiri wenye vichwa vyekundu walikuwa wakitikisa vichwa juu ya kila mwamba. Utotoni tuliamini wanatuita.

Nililikuta jiwe nyuma ya ukuta wa matofali. Nyumba imeezekwa upya, bustani ya mama imekuwa maegesho ya bajaji, na boganvilia iliyokuwa mlangoni haipo. Bibi mmoja alikuwa akianika dagaa nyumba ya pili.

"Mwangaluka, bibi," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Umepotea?"

Nikampa picha. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akamtaja mama kwa jina la kaka yangu mkubwa, kama mtaa mzima ulivyokuwa ukimwita. Sikuweza kusema neno. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya ule ukuta.

Mkrismasi upo. Uliwahi kukatwa kwa sababu mizizi yake ilikuwa inapasua msingi, bibi akanieleza, ila kisiki kilichipua. Sasa una mashina matatu badala ya moja, mafupi na yaliyopinda, na kila moja limeshika maua yake. Niliugusa mti huo kwa viganja vyote viwili.

Nikampigia mama kwa video. Alinyamaza muda mrefu kiasi cha kunifanya nidhani mtandao umekatika. Halafu akauliza, "Ziwa linaonekana?"

Halikuonekana, mabati yamelificha.

"Panda juu ya jiwe."

Bibi alinishikia viatu. Nikapanda, na maji yakatokea juu ya mapaa, yakimeta mpaka Kamanga. Mama akaanza kunielekeza: rudi nyuma, sasa kushoto, kile kigoda kilikuwa kinaonekana pembeni. Nikasogea hatua moja, kisha nusu hatua.

"Hapo hapo," akasema. "Baba yako alikuwa amesimama hapo. Usipige kwanza, ngoja upepo utulie."