Sweta la Kutoka Minnesota

Mwaka 2016 nilikuwa namaliza kidato cha sita, shule ya kutwa hapa Dodoma mjini. Mwezi wa pili mama mdogo, anayeishi Minnesota, alimpa mtu furushi letu aje nalo. Ndani mlikuwa na vidonge vya mafua, chokoleti zilizoyeyuka njiani zikaganda upya na karatasi zake, bahasha ya picha za binti yake, buti za ngozi na sweta zito la njano ya bizari. Kikaratasi kilisema buti na sweta ni vyangu, hela ya mpiga picha inakuja kwa simu, ila sharti ni moja: picha za kumaliza shule nipigiwe nje, sehemu nzuri, kama mwenzangu.

Binamu yangu naye alikuwa anamaliza sekondari mwaka huohuo. Kule Marekani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupigwa picha zake peke yake, nguo za kubadilisha zaidi ya moja, na picha mojawapo huingia kwenye kitabu cha mwaka cha shule. Shule huzitaka mapema, kwa hiyo wengi huzipiga wakati wa joto au mwezi wa tisa na wa kumi, majani ya miti yanapogeuka mekundu kabla ya kupukutika. Yeye alipigiwa msituni mwezi wa kumi. Picha ya kwanza ana koti, skafu na sweta. Inayofuata koti limevuliwa. Nyingine skafu haipo. Halafu kulikuwa na moja ya mwezi wa nane, gauni jepesi, miguu peku kando ya ziwa.

Mimi niliangalia buti. Mama aliangalia miti.

Mama yangu ni fundi cherehani. Wakati ule alikuwa anashonea kwenye kibaraza cha duka la vitambaa karibu na soko la Majengo, na mteja akifika na picha ya mshono kwenye simu, swali lake la kwanza lilikuwa shughuli inafanyika wapi, ndani au nje, mchana au usiku. Zile picha za Minnesota alizipanga mezani akazikazia macho, kisha akasema, "Huyu aliyemvalisha anajua. Angalia, sweta la bluu mbele ya majani mekundu. Angevaa jekundu asingeonekana."

Kuhusu sweta langu hakusema kitu mpaka nilipolijaribu. Ilikuwa saa nane mchana.

"Vua, mwanangu, utaanguka."

Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mwezi wa tatu ndiyo nchi inapendeza. Mtama umepanda juu, majani yamejaa mpaka kwenye nyufa za mawe. Jua likitoka baada ya mvua, joto linafika nyuzi 29 au 30. Mama aliamua tupige Pasaka, ambayo mwaka ule iliangukia tarehe 27 Machi, na tupigie Ntyuka, kwenye mawe makubwa ya vilimani. Nikadhani nguo ataichagua dukani. Jumapili moja baada ya kanisa akachukua mfuko wa rambo uliojaa vipande vya vitambaa, vile vinavyobaki chini ya cherehani, tukapanda bodaboda.

Kule Ntyuka akaanza kuvitundika kwenye mti wa miiba, kimoja kimoja, kila kipande kwenye mwiba wake. Kijani cha mchicha. Bluu bahari. Nyeupe pee. Nyekundu. Njano. Kaki. Kingine cheupe chenye mistari myembamba myeusi ambacho mimi nilikipenda sana. Kisha akarudi nyuma hatua kama thelathini, akafumba jicho moja. Watoto waliokuwa wanachunga mbuzi wakaja kusimama pembeni, wakidhani tunauza.

"Njoo usimame hapa," akaniita. "Niambie unaona nini."

Kijani kilikuwa kimemezwa na majani, ungeapa hakikutundikwa. Kaki ilikuwa imekuwa jiwe. Bluu bahari ilionekana, ila ilipoa, kama vile imefifia yenyewe. Nyeupe iliumiza macho. Njano ilikuwa inawaka, na si ile njano kali ya limau bali ileile ya bizari, ya sweta la mama mdogo. Mama akacheka mpaka akaegemea jiwe. Sweta lilikuwa na rangi sahihi kabisa kwa mwezi wa tatu, na uzito wa nchi nyingine.

Mpiga picha alikuwa kijana wa mtaani kwetu, tukimwita Kaka Picha, na yeye alikuwa na lake. Alitaka nivae nyeupe, kwa sababu mahafali ni nyeupe. Mama akamwambia nguo nyeupe kwenye jua inang'aa kuliko uso, kwa hiyo kamera itafuata nguo na uso wa mtoto utakuwa mkaa. Kijana akakuna kichwa, akakubali kwamba hilo limeshamkuta kwenye harusi. Lakini naye akamrudishia: kile kitambaa cha mistari myembamba, ambacho kwa ajili yangu mama alikuwa ameanza kukilainikia, akakikataa. Akakipiga picha palepale, akapunguza ukubwa wa picha kwenye kioo cha kamera, na mistari ikaanza kuchezacheza mawimbi ambayo kwenye kitambaa hayakuwepo. Sijawahi kumwona mama akimheshimu kijana upesi namna ile. Tangu hapo alikuwa anamwambia "mwenzangu".

Nikashonewa gauni la pamba nyepesi, njano ya bizari, mikono mifupi, shingo ya kawaida. Hakuna lesi wala vifungo vya kung'aa. Mama alisema picha ya kumaliza shule inakaa ukutani miaka ishirini na mshono wa mwaka huu utachekwa mwakani. Hapo, nikiangalia vitu vilivyokuwa kwenye fasheni 2016, namshukuru.

Jumatatu ya Pasaka tulifika Ntyuka saa kumi na moja jioni. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, mawe bado yana maji, na jua lilikuwa limeshuka kiasi cha kupita pembeni ya uso badala ya kuchoma utosini. Kaka Picha alikuwa na boksi alilolifunika kwa karatasi ya fedha ya kufungia chakula, mdogo wangu akalishika kunirudishia mwanga usoni. Buti nilivaa, tope likazifaa. Kwa heshima ya mama mdogo nilipigwa picha moja sweta likiwa limetupiwa mabegani, mikono yake imefungwa kifuani. Lilikaa mabegani kwa dakika chache na mgongo ulikuwa umelowa.

Picha zikatumwa. Mama mdogo akapiga simu analia kwa furaha, halafu akasema neno lililomchoma dada yake: "Sikumbuki kama Dodoma ni ya kijani hivyo."

Mama alikata simu akakaa kimya kidogo. "Watadhani tunaishi Lushoto," akasema. Basi tukapangiwa picha za pili, mwezi wa saba, ili mtu akiziweka pamoja aione Dodoma yote.

Mwezi wa saba ni habari nyingine. Asubuhi nyuzi zinashuka hadi 13 au 14, upepo unavuma tangu alfajiri, na kila kitu kimekauka. Safari hii mama alichagua mbuyu mmoja barabara ya Iringa, mbele ya Mpunguzi, ambao hauna hata jani wakati huo, gome lake la kijivu linameremeta kidogo jua likiligusa upande. Sasa sweta lingefaa kwa baridi. Lakini nyasi zilikuwa zimekauka hadi zimefika kwenye rangi ileile ya bizari; ningesimama pale ningebaki kichwa na mikono. Na kulikuwa na jambo la pili. Wiki hiyo mji ulikuwa umejaa wajumbe wa mkutano mkuu wa CCM, gesti zote zimejaa, kila kona kofia na mashati ya njano na kijani.

"Ukivaa njano wiki hii," mama alisema, "utaombwa kadi."

Akachagua rangi ya damu ya mzee. Nyeusi aliikataa kwa sababu vumbi la Dodoma linajiandika juu yake. Kwenye damu ya mzee linapotea. Kitambaa kizito kidogo, mikono mirefu, gauni la kufika kwenye kifundo cha mguu, na ndani yake fulana ya kubana ambayo haionekani. Tatizo likabaki upepo. Usiku wa kuamkia siku ya picha nilimkuta mama chini ya taa, pindo la gauni limegeuzwa magotini mwake, anatia sarafu za shilingi hamsini. Alikuwa anatengeneza kifuko kidogo kwa kipande cha bitana, anaingiza sarafu, anakifunga kwa nyuzi nne za mkono, anapima kiganja kimoja, anaweka nyingine. Kila alipomaliza robo alilitikisa gauni kusikiliza kama zinagongana.

Kaka Picha tulimpata Jumapili tarehe 24, maana Jumamosi ya mkutano alikuwa Nyerere Square anawapiga wajumbe. Alikuja na macho mekundu na hela mfukoni. Saa moja asubuhi tulikuwa chini ya mbuyu. Upepo ulivuta kitambaa kikajaa nyuma yangu, lakini pindo lilibaki chini. Kitenge nilichojifunga kichwani, bluu iliyokolea, ndicho kilichohangaika. Mzee mmoja akapita na baiskeli, akashuka, tukamwamkia. "Mbukwenyi," akaitikia kwa Kigogo, akatuuliza kama na sisi ni wa mkutano. Mama akamwambia huyu amemaliza shule. Mzee akauangalia mbuyu, akaniangalia, akasema nguo imeufaa mti, akapanda baiskeli.

Kesho yake, Siku ya Mashujaa, Rais Magufuli aliwaambia watu hapahapa Dodoma kwamba Serikali inahamia kwetu, na mji mzima ukawa hauna mazungumzo mengine. Mama alikuwa anafumua pindo kutoa sarafu zake.

Mama mdogo alizitundika picha zote mbili sebuleni kwake, ya Machi na ya Julai, fremu moja. Sweta analivaa mdogo wangu wa kiume mpaka leo akiwa zamu ya usiku. Na mwezi wa tisa, mahafali ya kidato cha nne yalipokaribia, wasichana wakaanza kuja kibarazani na picha zangu kwenye simu zao, wanataka gauni la njano kama lile. Mama alikuwa anaweka mkasi chini, anaangalia nje kwenye vumbi, anawauliza: "Mnapigiwa wapi, na mtasubiri mvua au mnataka sasa hivi?"