Fimbo Ikabaki Garini: Safari ya Mto Elwha

Nilifika Port Angeles, jimbo la Washington nchini Marekani, nikiwa na fimbo yangu ya kuvulia na kijaluba cha nzi bandia wa chambo, ilhali najua wazi kwamba Elwha sitavua. Uvuvi ulipigwa marufuku mtoni humo mwaka 2011, kuta za mabwawa zilipoanza kubomolewa, na nilipokwenda zuio lilikuwa bado lipo. Wavuvi wenzangu walinicheka. Unasafiri kote huko kutazama maji?

Naam, maji. Gari niliacha Madison Falls, kwani mbele ya hapo mto umeila barabara. Tangu uachiwe, Elwha hujichagulia njia. Nikatembea hadi Glines Canyon, ambako ukuta wa mita 64 ulisimama tangu 1927. Yamebaki mapande ya zege kila upande wa korongo, na kule juu, palipokuwa ziwa, miti michanga imeshika ardhi.

Ukuta wa chini ndio uliotangulia, mwaka 1913, kilomita 8 hivi kutoka baharini, nao haukuachiwa samaki njia ya kupandia. Mto mzima una urefu wa kilomita 70 na ushei. Samoni, ambao hutoka baharini wakapanda mto kutaga, wakabaki na kipande hicho cha chini, tena kibovu. Jike la samoni huchimba kishimo kwenye changarawe kwa mkia, hutaga, kisha hufukia. Mayai huishi kwa hewa iliyomo katika maji yanayopenya kati ya vijiwe. Changarawe zilinaswa nyuma ya kuta, huku chini yakabaki mawe makubwa ambayo jike hawezi kuyasogeza.

Lakini kilichonivuta Elwha ni trauti. Trauti wa upinde wa mvua na stilihedi ni samaki wa aina moja: wa kwanza hukaa mtoni maisha yake yote, wa pili huenda baharini akarudi jitu. Kuta zilipojengwa, baadhi yao walifungiwa juu, wakazaana humo kizazi baada ya kizazi bila kuonja chumvi. Ukuta wa chini ulikwisha kubomolewa 2012, wa juu 2014. Wajukuu wa wale wafungwa wakateremka baharini, wakarudi wakiwa stilihedi wa kiangazi, yaani wanaoingia mtoni majira hayo. Kwangu hilo linashinda samaki yeyote niliyewahi kumtoa majini.

Kando ya mto magogo yamelala ovyo. Mvuvi wa nzi bandia huyalaani, maana hunasa mshipi. Samaki wachanga hawana ugomvi nayo: chini ya kila gogo maji huchimba kina, pana kivuli na pa kujificha.

Kuvua nilivua siku iliyofuata, mto Sol Duc upande wa magharibi, kwa ndoana isiyo na kijino, ili samaki atoke bila kuchanika. Alikuja trauti mdogo, nikamwachia.

Elwha ilipofunguliwa kidogo, vuli ya 2023, waliotangulia kuvua samoni aina ya koho ni Waklallam, wenyeji wa mto ambao kwa miaka mingi walidai kuta ziondolewe. Ndivyo inavyopaswa. Sisi wa kuvua kwa burudani tukae nyuma yao kwenye foleni.